Croydon, mji wa maneno yenye sura mbili

Na Mwandishi Wetu

Kusini mwa jiji la London, mwendo wa treni usiozidi dakika ishirini kutoka stesheni ya London Bridge, upo mji uitwao Croydon. Watalii hawaendi huko. Hakuna kasri la mfalme wala daraja mashuhuri la kupigia picha. Yapo maghorofa marefu ya saruji yaliyojengwa miaka ya 1960 na 1970, lipo soko la mtaa wa Surrey ambalo hati yake ni ya mwaka 1276, na zipo tramu zinazokatiza mitaani tangu mwaka 2000. Hata hivyo, miongoni mwa Waafrika waishio Uingereza ni shida kumpata asiyelijua jina la Croydon, maana barua ambayo wengi wao wamepata kuingojea kwa hofu ilitoka katika mji huo.

Ndugu msomaji, makala haya ni ya safari ya Croydon, lakini zaidi ni safari ndani ya lugha ya Kiingereza. Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba Kiingereza ni lugha ya kueleza mambo kwa usahihi, na kwamba mwenye kukosea ni mgeni tu. Croydon ni mahali pazuri pa kulipima dai hilo. Katika mji huo mmoja, neno moja lilibuniwa kwa uangalifu likaokoa watu. Neno jingine lilisaidia kumfikisha kijana kwenye kitanzi. Na maneno mengine hadi leo huamua nani akae na nani afunge mizigo.

MAFUNZO YA NJIANI

Mgeni huanza kupata mafunzo kabla hajafika. Treni za London huitwa za chini ya ardhi, nazo zilianza kazi mwaka 1863, lakini zaidi ya nusu ya njia zake ziko juu, kwenye jua na mvua. Akiona kibao kilichoandikwa "Subway", asidhani kwamba amefika kwenye treni. Kwa Mmarekani wa New York hiyo ndiyo treni yenyewe. Kwa mtu wa London ni njia ya waendao kwa miguu ipitayo chini ya barabara. Ndani ya treni atasikia sauti ikimwambia "alight here". Maana yake ni kwamba ashukie hapo, ingawa neno hilo hilo husemwa juu ya kitu kinachowaka moto.

Akitazama nje dirishani ataona nyumba zenye vibao vya "To Let". Mwenye haraka husoma akadhani pana choo cha umma, kumbe ni nyumba ya kupangisha. Barabarani yatapita malori makubwa yenye neno "Removals" ubavuni. Hayo ni ya kuhamisha vyombo vya nyumbani. Tutakutana na neno hilo tena mbele ya safari, na huko halihusu viti wala makabati.

Mambo ya nyumbani nayo yana mitego yake. Mwingereza akisema "half six", anakusudia saa kumi na mbili na nusu kwa hesabu yetu, yaani nusu saa baada ya sita yao, wala si nusu saa kabla yake. Katika nyumba nyingi za kaskazini mwa nchi hiyo, ukikaribishwa "tea" usile chakula kwanza, kwani hicho si kikombe cha chai bali ni mlo wa jioni. Na mwenyeji akikuambia kwa tabasamu kwamba lazima siku moja uje kula nyumbani kwao, usianze kutafuta zawadi ya kuwapelekea watoto. Kwao maneno hayo mara nyingi ni namna ya kuagana. Mwaliko wa kweli hutajwa kwa siku na saa. Kwetu sisi, ambao neno karibu hutolewa pamoja na kiti na sahani, jambo hili huwatia watu wengi simanzi bila sababu.

Kadhalika Mwingereza hupenda kulipunguza jambo uzito. Kitu kizuri sana atakiita si kibaya; hatari kubwa ataiita usumbufu kidogo. Tabia hii si ya kuchekesha wakati wote. Inasimuliwa kwamba mwezi Aprili 1951, katika vita vya Korea, brigedia mmoja wa Kiingereza aliyezingirwa na Wachina kando ya mto Imjin aliulizwa hali na jenerali wa Kimarekani, akajibu kwamba mambo yalikuwa yamenata kidogo. Mwingereza mwenzake angalielewa kwamba wanaangamia. Mmarekani alielewa kwamba wanaweza kuvumilia. Kikosi cha Gloucestershire kilibaki kilimani, na mamia ya askari wake wakatekwa.

NENO LILILOOKOA

Sasa tumefika. Upande wa magharibi wa mji, kwenye barabara ya Purley Way, lingalipo jengo la uwanja wa ndege wa zamani wa Croydon lililofunguliwa mwaka 1928. Huo ulikuwa mlango mkuu wa anga wa Uingereza katika miaka iliyo kati ya vita viwili vikuu vya dunia, mpaka ulipofungwa mwaka 1959. Mtanzania asimamaye mbele ya jengo hilo ana sababu yake ya kulitazama mara mbili. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha hapo safari yake ya kwanza ya barua kuja Afrika Mashariki, na mwisho wa safari hiyo ulikuwa Mwanza, kando ya ziwa.

Katika uwanja huo alifanya kazi ofisa wa redio aliyeitwa Frederick Stanley Mockford. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alipewa kazi ya kutafuta neno moja ambalo rubani aliye hatarini angeweza kulitamka katika simu ya upepo, na likaeleweka mara moja. Meli zilikuwa na SOS, lakini hiyo ilikuwa ishara ya kugonga kwa mkono. Ukiitamka kwa mdomo katika mitambo ya siku zile, herufi S ilimezwa na kelele. Tena ndege nyingi za Croydon zilikuwa zikienda na kurudi Le Bourget, karibu na Paris, kwa hiyo neno lilipaswa kueleweka kwa Mwingereza na Mfaransa pia. Mockford akachagua "Mayday", kwa kuwa sauti yake hufanana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya nisaidieni. Mwaka 1927 neno hilo lilikubaliwa na mataifa, na hadi leo marubani na mabaharia hulitamka mara tatu mfululizo wakati wa hatari.

Msomaji atauliza, je, halichanganywi na Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi, ambayo kwa Kiingereza hutamkwa vivyo hivyo? Lingeweza. Ndiyo maana likawekewa utaratibu wa kutamkwa mara tatu, ili asikiaye asibaki na shaka. Neno lilichaguliwa kwa kumfikiria msikilizaji aliye mbali, katikati ya kelele, mwenye lugha nyingine.

NENO LILILOUA

Kutoka hapo hadi barabara ya Tamworth, karibu na katikati ya mji, si mbali. Usiku wa Jumapili, tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala moja katika barabara hiyo kwa nia ya kuiba. Mmoja alikuwa Christopher Craig, mwenye umri wa miaka 16 na bastola mkononi. Mwenzake alikuwa Derek Bentley, miaka 19, kijana aliyekuwa mzito wa akili na ambaye kusoma kulimshinda. Polisi walifika, Bentley akakamatwa. Muda ukapita, kisha Craig akampiga risasi konstebo Sidney Miles, akafa papo hapo.

Mahakamani polisi watatu walitoa ushahidi kwamba walimsikia Bentley akimwambia mwenzake: "Let him have it, Chris." Hapo ndipo penye tatizo. Maneno hayo yanaweza kuwa na maana ya mpe hiyo, yaani mkabidhi polisi bastola. Yanaweza pia kuwa na maana ya mpige. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Kiingereza peke yake. Kwetu katika ukumbi wa ngumi watazamaji wakipaza sauti "Mpe! Mpe!", hakuna adhaniaye kwamba wanataka mpinzani apewe zawadi. Upande wa mashtaka ulisema kwamba maneno yale yalikuwa ya kuchochea mauaji. Bentley na Craig wote wawili walikana kwamba yalitamkwa.

Craig, aliyefyatua risasi, alikuwa mdogo mno kunyongwa. Alifungwa, akaachiliwa mwaka 1963. Bentley alinyongwa katika gereza la Wandsworth tarehe 28 Januari 1953. Baba yake, kisha dada yake Iris, walipigania jina lake kwa miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 1993 ulitolewa msamaha wa kifalme juu ya adhabu ile, na tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu yenyewe, ikisema kwamba jaji hakuwaongoza wazee wa baraza kwa haki. Iris hakuishi kuisikia siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Neno "let" lenyewe lastahili kutazamwa. Kwa kawaida lina maana ya kuruhusu. Kwenye kibao cha nyumba lina maana ya kupangisha. Lakini katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kuzuia, na maana hiyo haijafa. Pasipoti ya Uingereza humwombea mwenye nayo apite "without let or hindrance", yaani bila zuio wala kipingamizi. Neno moja huruhusu na huzuia. Nalo halikosi wenzake: "sanction" ni idhini, tena ni adhabu, na mtu wa Uingereza apokeaye posho ya serikali akiambiwa amepata "sanction" ajue kwamba fedha zake zimekatwa. "Oversight" ni usimamizi, tena ni uzembe wa kusahau. Ofisi inaweza kuandika kwamba jambo fulani lilitokea chini ya "oversight" yake, na msomaji asijue kama inajisifu au inatubu.

RUHUSA YA KUBAKI

Katika barabara ya Wellesley, hatua chache kutoka stesheni ya East Croydon, limesimama jengo la ghorofa ishirini liitwalo Lunar House, yaani Nyumba ya Mwezi. Lilikamilika mwaka 1970, wakati dunia ingali ikistaajabia watu waliotua mwezini mwaka 1969, na jirani yake likaitwa Apollo. Kwa miaka mingi jengo hilo limekuwa makao ya idara ya uhamiaji ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Hapa ndipo Kiingereza cha ofisi kinapokutana na binadamu aliyeshika bahasha.

Neno kuu la bahasha hiyo ni "leave". Mtoto wa shule kwetu hujifunza kwamba "leave" ni kuondoka. Baadaye, akiajiriwa, hujifunza kwamba ni likizo. Kisha akifika Uingereza huletewa barua inayozungumzia "leave to remain". Akiifasiri neno kwa neno atapata ondoka ubaki. Kumbe katika Kiingereza cha zamani yalikuwapo maneno mawili yenye asili mbalimbali, moja la kuacha na kuondoka, jingine la ruhusa, na karne zikayafananisha mpaka yakawa neno moja kwa sauti na kwa maandishi. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 ikalichukua lile la ruhusa. Hivyo barua inasema ruhusa ya kubaki, lakini macho ya mgeni yanaona amri ya kuondoka.

Akikaa sana anaweza kupewa "indefinite leave to remain", ruhusa ya kubaki isiyo na kikomo. Neno hilo hutuliza moyo, nalo lina shimo ndani yake. Kwa kanuni ya kawaida, mwenye ruhusa hiyo akikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo, ruhusa hufa. Mtu aliyerudi nyumbani kumuuguza mama yake, akiamini kwamba isiyo na kikomo haina kikomo, anaweza kukuta mlango umefungwa.

Mfano mwingine. Viza na vibali vingi vya Uingereza huwekewa sharti kwamba mwenye navyo asitegemee "public funds", fedha za umma. Msomaji mwenye akili timamu ataelewa kwamba kila kilicholipiwa na serikali ni haramu kwake. Sivyo. Katika kanuni zao fedha za umma ni orodha maalumu ya posho na misaada ya nyumba. Shule ya serikali haimo, wala matibabu ya hospitali za serikali hayamo. Mzazi asiyelijua hilo anaweza kumzuia mtoto asiende shule kwa woga wa neno lisilomhusu. Na asitafute msaada wa maana katika neno "public" lenyewe, kwa kuwa zile shule za kale za Uingereza ziitwazo "public schools" ndizo za kulipia, tena ghali kuliko zote.

Barua ya kukataliwa husema "refused". Neno hilo hilo, likitamkwa kwa mkazo mwingine, ndilo liandikwalo kwenye mapipa ya takataka. Na baada ya kukataliwa huja lile neno la ubavuni mwa lori: "removal". Safari hii kinachohamishwa ni mtu.

Croydon imewahi kuonyesha gharama ya mambo hayo. Watu waliotoka visiwa vya Karibi na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola kabla ya mwaka 1973 walikuwa na haki kamili ya kuishi Uingereza. Sheria iliwaita watu waliokwisha kukaa, lakini haikuwapa wengi wao karatasi yoyote. Kadi zao za kushukia melini zilikuwa zimehifadhiwa katika ghala la wizara hapa Croydon, zikateketezwa mwaka 2010. Miaka iliyofuata, wazee waliofanya kazi na kulipa kodi tangu ujana walitakiwa kuthibitisha "leave" ambayo hawakupata kuandikiwa. Wengine walipoteza kazi, wengine walinyimwa matibabu, wengine walifukuzwa nchini. Mwaka 2018 jambo hilo lilifumuka, Waziri Mkuu akaomba radhi na Waziri wa Mambo ya Ndani akajiuzulu.

NDUGU NI NANI?

Kwa jamaa zetu upo mtego mwingine, nao huanzia nyumbani. Fomu huuliza majina ya "brothers". Mswahili ana ndugu: wa tumbo moja, mtoto wa baba mkubwa, mtoto wa mama mdogo. Wote ni kaka zake, naye huwaandika wote bila hila. Miaka mitano baadaye, katika fomu nyingine, mtu mwingine anamsaidia kujaza na kuandika "cousin". Ofisa anazilinganisha fomu mbili na kuona uongo, ilhali mwandikaji wa kwanza na wa pili wote walisema kweli, kila mmoja katika lugha yake. Baba mdogo, baba mkubwa na mjomba, ambao kwetu wana heshima na wajibu tofauti kabisa, Kiingereza huwatia wote katika mfuko mmoja wa "uncle". Ni vyema mjazaji aeleze kwa kirefu: mtoto wa kiume wa kaka ya baba yangu. Maneno manane yaliyo wazi ni bora kuliko moja lenye shaka.

WENYEWE NAO HULALAMIKA

Isidhaniwe kwamba Waingereza hawaoni. Tarehe 9 Agosti 1940, mabomu yakikaribia, Winston Churchill aliwaandikia mawaziri wake ukurasa mmoja kuwataka waandike kwa ufupi. Yeye huyo ameeleza katika kumbukumbu zake za vita jinsi maofisa wake walivyobishana na Wamarekani juu ya neno "table": kwa Mwingereza kuliweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe sasa, kwa Mmarekani ni kuliahirisha. Pande zote mbili zilikuwa zinataka jambo moja.

Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, mtumishi wa serikali wa siku nyingi, aliandika kwa maombi ya Hazina kitabu kiitwacho Plain Words ili kuwafundisha watumishi kuandika kwa lugha nyepesi. Mwaka 2014 kilitolewa upya, kimesahihishwa na kitukuu chake. Na mwaka 1979 Chrissie Maher, mwanamke wa Liverpool ambaye utotoni hakupata nafasi ya kujifunza kusoma, alisimama katika uwanja ulio mbele ya Bunge la Uingereza akakatakata fomu za serikali hadharani, akaanzisha kampeni ya Kiingereza cha wazi ambayo imeendelea tangu siku hiyo.

NASI JE?

Hatuna haki ya kucheka mno. Ni kweli kwamba Kiswahili kina viungo vya kuondoa shaka: kupanga si kupangisha, kukopa si kukopesha, ambapo Kiingereza husema "rent" kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji. Lakini nasi tuna kuazima, ambalo mpaji na mpokeaji wote hulitumia. Na vibao vya ofisi zetu husema hakuna ruhusa kuingia bila shughuli maalumu, pasipo kumwambia mwananchi aliyetoka kijijini kama kufuatilia pensheni ya marehemu mumewe ni shughuli maalumu au siyo.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua ya kujivunia, nayo inatudai. Tukivifasiri tu vifungu vya Kiingereza pamoja na giza lake, mwananchi atabaki mlangoni vile vile, isipokuwa sasa atakuwa amefungiwa nje kwa lugha yake mwenyewe.

Kwa wenye jamaa ughaibuni, nasaha ni fupi. Barua ya ofisi isomwe mara mbili, na tarehe zake ziandikwe pembeni. Neno linalofahamika sana lishukiwe kuliko lisilofahamika, maana mgeni hutafuta maana ya neno geni, bali lile alilolijua tangu shuleni humponyoka. Na palipo na shaka aulizwe mwanasheria wa uhamiaji mwenye kibali, si rafiki wa mtaani.

Na kwa sisi tunaoandika, iwe ofisini au gazetini, lile swali alilopewa Mockford kule Purley Way linatutosha: aliye mbali, katikati ya kelele, akiwa na hofu moyoni, atalisikiaje neno hili?